Mbio zangu za kwanza za baiskeli: gari la ufundi lilisimama, kisha likaondoka

Nilijizuia kwa muda kuandika maoni haya nikitumaini kwamba hasira ingepungua, lakini haikupungua. Yeyote anayefikiria kulipa ada ya mbio za barabarani nilizoshiriki mwaka huu kutoka Moshi hadi Usa River, hasa katika kundi la ridhaa, anastahili kujua ni kitu gani ambacho ada hiyo hainunui.

Karatasi ya maelekezo tuliyopewa pamoja na namba ilieleza wazi kwamba gari la ufundi lenye magurudumu ya akiba lingemhudumia kila mshiriki, na kwa sababu hiyo tukatakiwa tusifunge mikoba ya vifaa kwenye baiskeli. Tulitii. Tulipopita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA tukielekea Kikatiti, katika ule uwanda mkame ambako upepo hupiga ubavuni bila kizuizi, gurudumu langu la nyuma likapata pancha. Nikainua mkono, nikasogea pembeni, na kweli gari likasimama mbele yangu. Nilikuwa nimekwisha kulichomoa gurudumu. Kijana aliyeketi kando ya dereva akateremsha kioo, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema: “Mzee, haya magurudumu ni ya wachezaji. Wewe subiri gari la mwisho likubebe.” Kioo kikapanda, gari likaondoka.

Hakushuka hata kuitazama baiskeli. Laiti angeniambia kwamba magurudumu yake ni ya breki za diski ilhali yangu inatumia breki za rimu, au kwamba kaseti zake, yaani yale meno ya gia ya gurudumu la nyuma, hazilingani na gia zangu, ningekubali na kushukuru, kwa maana hayo ni mambo yanayoweza kumzuia fundi yeyote. Na hata pole hakunipa! Kijana wa umri wa mwanangu ananikuta nimekwama juani, anashindwa kutamka neno ambalo kwetu hata mpita njia humpa mtu aliyejikwaa.

Timu zilizoalikwa zilikuwa na magari yao yakiwafuata. Gari la ufundi la mashindano huwekwa ili kumsaidia yeyote mwenye namba, na sisi tusio na timu ndio tunaolihitaji kuliko wote. Tena habari ya kubaki nyuma si aibu katika mchezo huu. Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ambayo yalikuwa hayajawahi kufanyika Afrika, ni wanaume 30 tu waliofika mwisho wa mbio kuu ya wakubwa kati ya zaidi ya 160 walioanza. Waliojitoa walikuwa miongoni mwa wapanda baiskeli bora duniani, na hakuna aliyewaambia kwamba wao si wachezaji.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba mbio zenyewe zilikuwa mbaya, na hapo ndipo hukumu yangu inaponipa taabu. Kuteremka bonde la Kikafu na kupanda kuelekea Bomang’ombe nikiwa ndani ya kundi ni raha ambayo sijaipata kwa miaka yote ninayoendesha peke yangu. Nilikuwa nimesoma kwamba kukaa nyuma ya mwenzako huweza kukuokolea karibu theluthi ya nguvu, lakini kusoma si sawa na kusikia upepo ukinyamaza ghafla unapoingia katikati ya watu. Walikuwapo vijana kutoka Kanda ya Ziwa waliojipanga kwa mshazari mara tu upepo ulipogeuka, wakapokezana zamu za mbele, wakawa wanaita “Shimo kulia!” ili wa nyuma wajihadhari. Mmoja wao aliniambia: “Mzee, ingia huku, upepo unatoka kushoto.” Aliniita mzee, kama yule wa kwenye gari, ila yeye alinipa nafasi yake.

Baada ya kuachwa nilisukuma baiskeli mpaka nikamkuta fundi chini ya mti kandokando ya barabara. Alinipa shikamoo na pole kabla ya kuniuliza lolote, akaizamisha tyubu kwenye beseni la maji, akaona mapovu, akapiga msasa, akapaka gundi na kubandika kiraka, kisha akanitoza bei ileile anayowatoza wauza maziwa. Kwa kiraka hicho nilifika Usa River, nikiwa na namba yangu kifuani.

Nilipowaandikia waandaaji, walijibu kwa sentensi moja kwamba huduma ilitolewa “kwa kipaumbele”. Kumbe basi yule kijana huenda alikuwa anatekeleza agizo, jambo ambalo kwangu ni baya zaidi, kwa sababu ufidhuli wa mtu mmoja unaweza kusameheka, lakini kuahidi huduma kwa maandishi na kupokea ada za watu huku ikijulikana nani hatahudumiwa ni udanganyifu.

Nilikusudia kuwashauri watu wasishiriki kabisa. Sasa ninapokumbuka lile kundi pale Kikafu, ninashindwa. Shirikini, lakini bebeni tyubu na pampu zenu hata mkikatazwa, na kabla ya kulipa watakeni waandaaji waseme kwa maandishi magurudumu yale ni ya nani. Mimi sitalipa tena mpaka wanijibu hilo.