Kanda za harusi, dvgrab na Kdenlive: uzoefu wangu

Kanda nne ndogo za video za kidijitali (MiniDV) za harusi ya dada, Magomeni, mwaka 2006, zilikaa kabatini miaka yote hii. Duka moja mjini liliwahi kutuhamishia moja kwenye DVD. Picha ikatoka na miraba-miraba, na maneno ya bibi akimuasa bi harusi huyapati sawasawa. Bibi ameshatangulia, kwa hiyo safari hii nilitaka niifanye kazi mwenyewe, kwenye kompyuta yangu inayotumia Ubuntu, aina ya mfumo wa Linux.

Tundu la USB la kamera achana nalo. Kwenye yangu linatoa picha za mnato tu. Video ya kanda inapita tundu dogo la FireWire, lililoandikwa DV. Kariakoo nilizunguka nusu siku. Kadi ya PCI Express, ya kuchomeka ndani ya kompyuta ili ipate tundu la FireWire, niliipata mapema, ila waya wenye pini 4 huku na 6 kule ndio ulionitoa jasho. Kuchomeka tu, Linux ikaitambua kadi bila kudai draiva.

Kuhamisha video kutoka kwenye kanda nilitumia programu ya dvgrab. Haina vitufe, unaandika amri:

dvgrab --autosplit --timestamp --size 0 harusi-

Kamera inaanza kucheza yenyewe. Kila mahali mpiga video alipokata, linaanza faili jipya, na jina linabeba saa ya kurekodiwa. La kwanza lilisomeka harusi-2006.12.16_15-42-08.dv. Jumamosi ile, saa tisa alasiri! Nilikaa nikiliangalia jina lile kwa muda.

Kanda ya saa moja inahama kwa saa moja na inakula kama GB 13. Umeme ulikatika katikati ya kanda ya pili, lakini vipande vilivyotangulia vilikuwa salama. Nikarudisha kanda nyuma kidogo, nikaendelea.

Kuhariri nimefanya kwa programu ya Kdenlive, na nimeipenda. Chagua mradi wa PAL (mfumo wa video wa kanda hizi), fremu 25 kwa sekunde, na wakati wa kutoa MP4 washa kiondoa mistari (deinterlace), la sivyo wachezaji wa mdundiko wanatoka na kingo za meno ya kitana. Faili za .dv usizifute.

Bibi sasa anasikika neno kwa neno, hata bangili zake zikigongana anapomshika dada mkono. Dakika zile tatu nimeshamtumia dada.

Imebaki kanda moja yenye ukungu mweupe ukingoni mwa utepe. Hiyo siiingizi kwenye kamera mpaka fundi aione.