Soksi ndefu za kilti: jozi nne nilizozijaribu Lubumbashi

Mwezi wa tano nilinunua jozi nne za soksi ndefu za kuvalia kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, katika duka moja la nguo za sherehe hapa katikati ya Lubumbashi, nami nimezivaa zote kwa zamu hadi mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Jozi ya kwanza ni ya rangi ya maziwa, ya pili ni ya kijani kizito kama chupa, ya tatu ni ya damu ya mzee, na ya nne imefumwa kwa nakshi ya Argyle, yaani miraba iliyosimama juu ya pembe zake, yenye buluu, kijani na nyeusi. Kila jozi ya rangi moja niliuziwa dola 18, na ile ya nakshi dola 35. Nimeona kilti nzuri kadhaa za wanasape wenzangu, yaani watu wa Sape, jumuiya yetu ya Wakongo wapenda umaridadi wa mavazi, zikiharibiwa na soksi, na ndiyo maana naandika kwa kirefu juu ya kitu ambacho wengi hukinunua dakika ya mwisho.

Kilti yangu mwenyewe ni ya tartani, kitambaa cha Kiskoti cha mistari ya rangi inayokatana kuwa miraba, ya aina ya Black Watch, ile iliyobeba jina la vikosi vilivyoundwa mwaka 1725 kulinda Nyanda za Juu za Uskoti. Niliipata katika mitumba inayovuka mpaka wa Kasumbalesa, ambayo majirani zetu wa Zambia huiita salaula, na ni sufu nzito isiyo na tundu hata moja. Ina rangi tatu tu: buluu nzito, kijani na nyeusi. Ili nisipime soksi kwa kitambaa kimoja pekee, nilimwomba shemeji yangu tuzijaribu pia na kilti yake ya Royal Stewart, ambayo uwanja wake ni mwekundu na ndani yake hupita mistari ya kijani, buluu, nyeusi, njano na nyeupe.

Kilti iliyovaliwa sawasawa huishia katikati ya goti, na soksi hukunjwa juu ili ukingo wake ukae vidole vitatu hivi chini ya kifuniko cha goti. Ngozi inayobaki wazi haizidi sana upana wa kiganja, kisha rangi ya soksi huteremka moja kwa moja hadi kwenye kiatu. Kwa hiyo anayekutazama kutoka ng'ambo ya barabara huona mambo matatu, yaani koti, kilti na soksi, na kati ya hayo soksi ndizo zinazotembea na kuvuta jicho kwa kila hatua.

Hapo ndipo sheria yetu ya Sape inapoanza kutaabika. Trilojia ya rangi inamtaka mtu asivae zaidi ya rangi tatu kwa mara moja, nami nimeishika tangu nilipoanza kujua kupiga pasi shati langu mwenyewe. Lakini tartani huja tayari na rangi zake. Black Watch inaimaliza hesabu kabla hujachagua koti, na Royal Stewart inaipita mara mbili. Wapo wanaosema kwamba tartani ihesabiwe kuwa rangi moja, jambo ambalo sikubaliani nalo, kwa sababu likikubaliwa mtu ataweza kuongeza soksi za manjano na tai ya zambarau na bado adai kwamba ameshika sheria. Msimamo wangu, ambao majaribio ya miezi hii yameuthibitisha machoni pangu, ni kwamba sheria inatimizwa pale soksi zisipoleta rangi mpya: rangi yake iwe imekwisha kukaa ndani ya kitambaa, na kama inawezekana isiwe ile inayotawala, bali ile ya pili yake.

Jozi ya rangi ya maziwa ndiyo iliyonivunja moyo zaidi. Mama anayeuza dukani aliniambia, "Papa, hizi zinaenda na kilti zote," na kwa maana moja alisema kweli, kwa kuwa hata Uskoti kwenyewe soksi za rangi hii zimeenea kupitia bendi za wapiga zumari na maduka ya kukodisha nguo za harusi. Bendi inataka miguu ya watu wote ifanane na ionekane kwa mbali wakati wa gwaride. Mwenye duka la kukodisha anataka soksi moja imfae kila mteja. Mimi si bendi, wala sikodishi. Juu ya Black Watch, ambayo ni kitambaa cha giza na utulivu, rangi ya maziwa ilikata vazi vipande viwili, na kila aliyenisalimu aliangalia miguu yangu kwanza. Rangi nyepesi pia huonyesha shavu la mguu kuwa nene kuliko lilivyo. Tena, ukivaa shati jeupe la kweli, maziwa yanaonekana kama weupe uliochoka. Juu ya Royal Stewart ilivumilika kidogo, kwa sababu mstari mwembamba mweupe wa tartani uliiitikia, ingawa mstari ni uzi na soksi ni ukuta.

Kisha kuna vumbi letu. Nilitembea kutoka Kamalondo hadi Katuba mwezi wa saba, wakati ambapo ardhi haijaona mvua kwa miezi kadhaa, na nilipofika vifundo vya miguu vilikuwa vimegeuka rangi ya tofali. Doa lile lilipungua baada ya kufua mara tatu, lakini halijatoka.

Kijani kizito ndicho nilichokipenda, na nataka nieleze kwa nini, maana si kila kijani kingefaa. Duka lilikuwa na aina mbili zilizowekwa pamoja, na chini ya taa ya ndani zilionekana kama ndugu mapacha. Niliomba ruhusa nizipeleke mlangoni kwenye jua la saa nne asubuhi, nikaziweka juu ya kilti, na papo hapo tofauti ikajitokeza: moja ilikuwa na umanjano ndani yake, kama jani changa la mwembe, na ilikikataa kitambaa; nyingine ilielekea kwenye buluu na nyeusi, ikaingia ndani ya tartani kana kwamba ilitiwa rangi katika pipa moja. Msomaji atambue vilevile kwamba tartani moja huweza kufumwa kwa rangi zinazoitwa za kisasa, ambazo ni nzito, au kwa zile zinazoitwa za kale, ambazo ni nyepesi kwa kuiga rangi zilizotolewa katika mimea. Kilti yangu ni ya rangi za kisasa. Mwenye Black Watch ya rangi za kale akinunua soksi kama hizi zangu, mguu utakuwa mzito kuliko vazi, na itambidi atafute kijani kilichopauka zaidi.

Nilizivaa hizi kwa mara ya kwanza tarehe 30 Juni, pamoja na koti jeusi na tai ya buluu nzito. Riboni mbili ndogo zinazoning'inia chini ya mkunjo wa soksi, upande wa nje wa mguu, zilikuwa za buluu hiyohiyo. Viatu vyangu ni vile visivyo na ulimi, vyenye kamba ndefu zinazozungushwa juu ya kifundo, na juu ya kijani kamba nyeusi zilionekana kwa upole, ilhali juu ya rangi ya maziwa zilikuwa zimefanana na bendeji. Hesabu ya rangi ilibaki tatu, kuanzia tai hadi kisigino.

Damu ya mzee sitaizungumzia sana. Juu ya kilti yangu ni rangi ya nne, hata nilipovaa tai inayofanana nayo ili ionekane nimekusudia. Niliamini kwamba kwa shemeji ingefaa, kwa kuwa nyekundu na damu ya mzee ni za ukoo mmoja, lakini ukaribu huo ndio ulioharibu mambo: wekundu wa Royal Stewart ni mkali na safi, na soksi zilionekana kama nyekundu iliyofuliwa vibaya. Tulizivua baada ya nusu saa. Akavaa zile za kijani zangu, pamoja na riboni nyekundu, na hapo mistari ya kijani iliyokuwa imejificha katika kilti yake ikatokea mbele. Sikuwa nimeitazama kilti ile vizuri mpaka siku hiyo.

Argyle inastahili subira. Nakshi hii haikuzuka ovyo. Zamani Waskoti walishona soksi zao kutoka katika kitambaa chenyewe cha tartani, na ili kitambaa kivutike kwenye mguu walikikata kwa mshazari. Miraba ikageuka, ikasimama juu ya pembe zake. Wafumaji wa baadaye waliiga miraba hiyo iliyosimama kwa sindano na uzi. Kwa hiyo Argyle na kilti ni jamaa wa damu, na ndiyo sababu nakshi juu ya nakshi hapa haigombani kama inavyogombana kwingine, mradi masharti mawili yatimizwe: rangi ziwe zilezile za kilti, na ukubwa wa miraba usilingane na ule wa kitambaa. Miraba ya soksi zangu ni midogo kuliko ya kilti, na jicho huitenganisha bila taabu. Nilizivaa katika harusi ya jioni huko Kampemba na koti jeusi tupu, shati jeupe na tai nyeusi, na ni vazi ambalo ningelivaa tena kesho. Siku nyingine nilijaribu koti la sufu lenye miraba yake yenyewe, nikarudi ndani kubadilisha kabla ya kufika kwenye lango.

Hata hivyo bei ya dola 35 inanipa haki ya kulalamika. Soksi za nakshi ya aina hii hufumwa zikiwa bapa kisha hushonwa kwa nyuma, na katika jozi yangu mshono wa mguu wa kushoto unapinda, miraba haikutani. Isitoshe, miraba ya soksi moja inaanza chini zaidi ya ile ya mwenzake kwa takriban sentimita mbili. Nimelifunika kosa hilo kwa kuukunja upande mmoja zaidi, lakini mwenye kununua azitandaze zote mbili mezani kwanza, na azigeuze aone nyuma.

Zote nne ni mchanganyiko wa sufu na nailoni, na kwa mji ulioko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai zinazihitaji kabisa. Mwezi wa kumi nilizivaa jioni tu. Zifuliwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kwa kuwa maji ya moto huikaza sufu hata isiingie mguuni tena. Zianikwe ndani ya nyumba; ukizianika nje itakubidi uzipige pasi juu ya kitambaa kibichi, kwa ajili ya yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoloa.

Kuhusu duka, heshima ilikuwepo na kiti nilipewa. Kilichokosekana ni vipimo: soksi zinauzwa kwa namba ya kiatu peke yake, wakati shida ya wengi ni urefu wa mguu. Shemeji, ambaye ni mrefu, alipoukunja ukingo ulimfikia katikati ya muundi, na hakuna aliyetuonya. Nilipomrudia Mama kuuliza kama jozi ya maziwa inaweza kubadilishwa, alikataa kwa kuwa ilikwisha kuvaliwa, na hilo nalielewa. Nimemwachia kipande cha uzi kilichotoka kwenye pindo la kilti yangu ili mzigo ujao uje na buluu nzito inayolingana nacho, nami nitaupima uzi huo mlangoni, juani, kabla sijatoa pesa.