Dekoda ya sauti kwa treni ndogo: usinunue kabla hujaangalia mgongo wa spika

Pasaka iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kunitembelea hapa Leicester. Nikamtoa sebuleni, nikampeleka chumba cha nyuma kwenye reli zangu, nikamwashia kichwa changu kipya cha treni, modeli ya dizeli ya Uingereza ya Class 37, ambacho nilikikusanyia pesa mwaka mzima. Akainama, akatega sikio, kisha akaniuliza kwa upole, "Shangazi, mbona inalia kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua?"

Mtoto alisema kweli, na iliniuma. Mimi nimezaliwa Voi, kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi. Usiku gari la mizigo lilipowasili kutoka Mombasa, sufuria kwenye rafu ya mama zilikuwa zinaanza kutetemeka kabla hatujasikia honi. Vile vichwa vya dizeli vya East African Railways vya daraja la 90, ambavyo baadaye viliitwa daraja la 87, vilijengwa Uingereza na English Electric kuanzia 1960. Class 37 nayo, vichwa 309 vilivyojengwa kati ya 1960 na 1965, ilitoka kwa English Electric haohao na injini ya ukoo uleule: silinda 12, mpangilio wa V. Ukifumba macho kando ya Class 37 halisi uko Voi. Ndiyo maana niliitaka hiyo na si nyingine, na ndiyo maana mlio wa mbu haukunifaa.

Nilikinunua kikiwa kimeshafungwa sauti, na duka likanitoza pauni 120 juu ya bei ya kichwa kitupu. Niliposikia mlio mwembamba nikaamini dekoda, yaani kile kifaa kidogo cha umeme ndani ya kichwa kinachopokea amri na kucheza sauti, ni dhaifu. Nikaagiza nyingine, ya zaidi ya pauni 100, nikaing'oa ya kwanza, nikachomeka mpya. Mbu yuleyule. Siku ya tatu ndipo nilipofungua bodi, yaani ganda la kichwa, nikaangalia spika yenyewe. Ilikuwa imebandikwa kwa utepe wa gundi juu ya chuma cha uzito, mgongo wazi, haina boksi wala kifuniko. Nilikuwa nimetupa pauni 100 na zaidi kutafuta kitu kilichokosekana kwa sababu ya kukosa kiboksi cha plastiki ambacho hakifiki pauni 3.

Tangu niwasimulie wenzangu wanaocheza treni hizi, nimeletewa vichwa sita vyenye malalamiko ya namna hiyo. Vinne vilikuwa na dekoda nzima kabisa na spika isiyozibwa. Kwa hiyo humu sitahesabu idadi ya fanksheni, yaani vitufe vya amri, wala taa, wala jinsi mota inavyoanza taratibu. Dekoda zote za maana siku hizi zinafanya hayo vizuri. Nitazipanga kwa jambo ambalo hakuna anayelitazama dukani.

Mgongo wa spika

Spika inaposukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma. Pande hizo mbili zikikutana, zinafutana. Sauti nzito ndizo zinazokufa kwanza, kwa sababu zinazunguka ukingo wa spika kwa urahisi na kukutana na kinyume chake. Sauti kali zinabaki. Hapo ndipo penye mtego: honi ni sauti kali, kwa hiyo hata spika isiyo na boksi hupiga honi safi kabisa. Muuzaji anayetaka kukuuzia atakupigia honi. Hatakuachia injini ingurume ikiwa imesimama.

Fanya jaribio hili mezani. Chukua spika tupu, ile ndogo ya milimita 11 kwa 15, iliyounganishwa na dekoda inayocheza mngurumo wa injini. Ishike kwa ncha za vidole. Utasikia mchakacho tu, kama mchele unaopepetwa chumba cha pili. Sasa finyanga kibakuli kwa ule udongo laini wa kuchezea watoto, kina kama sentimita moja, uikalishe spika juu yake mgongo ukiangalia ndani, kisha bana ukingo wote kwa kidole gumba. Mngurumo unatoka papo hapo. Si kwamba sauti imeongezeka, bali injini imepata kifua. Kisha toboa ubavu wa kibakuli kwa kijiti cha meno. Kifua kinapungua. Ziba tundu, kinarudi. Nimewaonyesha watu wazima jaribio hili wakalirudia mara tano wenyewe, wakitoboa na kuziba.

Kwa hiyo boksi lenyewe halitoshi, lazima lisivuje. Mahali pa kwanza pa kuvuja ni tundu la waya. Fundi anapitisha nyaya mbili kwenye tundu linalotosha nyaya sita, halafu anafunga bodi. Dondosha gundi pale, subiri ikauke hadi kesho yake. Mahali pa pili ni kona za boksi zilizogandishwa haraka. Na kina cha boksi kina maana kubwa: ukipata nafasi ya boksi nene zaidi, chukua nene. Kwenye Class 37 nafasi nzuri mara nyingi iko chini, kwenye tangi la mafuta, spika ikitazama reli. Kama modeli yako haina nafasi hapo, tafuta karibu na feni za paa, lakini usikate chuma cha uzito chote. Kichwa kikiwa chepesi kitateleza kwenye mlima.

1. ESU LokSound 5

Hii ndiyo yangu, na sifichi. ESU wako Neu-Ulm, Ujerumani, na wametambua jambo ambalo wengine wanalipuuza: LokSound 5 inauzwa pamoja na spika yake ndogo na boksi lake. Mtu wa kwanza kabisa kununua, asiyejua lolote kuhusu hewa ya nyuma, anafungua pakiti anakuta kila kitu kimo. Kwangu hilo pekee linatosha kuiweka juu.

Kuna la pili. Inakubali spika za kuanzia ohm 4 hadi 32 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Maana yake ukiamua kuweka spika mbili za ohm 8 kwa sambamba upate ohm 4, haiungui. Zile LokSound za kizazi cha zamani cha 3.5 zilitaka spika za ohm 100, kwa hiyo ukinunua kichwa cha mtumba chenye dekoda hiyo ya zamani usithubutu kukibadilishia spika kwa spika hizi za leo. Utaiua dekoda.

Sauti ni ya biti 16 na inaweza kucheza njia kumi kwa pamoja, hivyo injini, feni, breki na honi havikatizani. Kifaa chao cha LokProgrammer kinakuruhusu kufuta sauti na kuweka nyingine ukichoka. Ni gharama, lakini ukiwa na vichwa vitatu au zaidi, au mkichanga wawili watatu, kinajilipa. Usipokuwa nacho, duka litakuwekea sauti. Basi taja daraja la kichwa na injini yake kwa maandishi. Nimeona Class 37 iliyowekewa sauti ya kichwa kingine kabisa, na mwenyewe hakujua kwa miezi minane.

Ushauri mmoja: ukiifunga, shusha sauti kuu kwenye CV 63 (CV ni namba za mipangilio ndani ya dekoda). Inatoka kiwandani ikiwa juu sana kwa spika ndogo, na spika inaanza kukwaruza. Mimi huishusha hadi karibu 100. Iliyozibwa vizuri kwa 100 inaishinda iliyo wazi kwa kiwango cha juu.

2. ZIMO, mfululizo wa MS

ZIMO wako Vienna, Austria, na wako watu ninaowaheshimu wanaoapa kwamba hii ndiyo bora kuliko zote. Kwa mwendo wa polepole sana sibishani nao. Nimeona kichwa chenye ZIMO kikitambaa pointi nzima, pale reli zinapogawanyika, bila kushtuka. Sauti ni biti 16 pia, na njia ni nyingi zaidi.

Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: kwa kawaida dekoda inakuja peke yake. Spika unatafuta mwenyewe, na boksi unatafuta mwenyewe, na hapo ndipo maduka yanapoharibu kazi nzuri ya Waaustria. Ukiwa unajua kufunga boksi, inunue bila wasiwasi. Ukiwa unaanza, nenda na ESU.

3. SoundTraxx Tsunami2

Hawa ni wa Durango, Colorado, Marekani. Kama unakusanya treni za Kimarekani, hasa za mvuke, pandisha hii hadi ya kwanza. Inasoma mzigo wa mota, kwa hiyo kichwa kikipanda mlima na mabehewa kumi pumzi zake zinakuwa nzito, na kikishuka zinalegea. Imepangiwa spika ya ohm 8, usishuke chini ya hapo. Kwa treni za Uingereza haina mengi ya kunipa, na tukiwa huku upatikanaji wake ni wa kusuasua.

4. Za bei nafuu

Hornby, kampuni ya treni ndogo ya Uingereza, wana HM7000, unayoiendesha kwa Bluetooth kwenye simu na kuipakia sauti kwa programu yao. Inakuja na spika. Kwa mtoto anayeanza, inafaa. TTS yao ya zamani haibadilishwi sauti: ukiinunua ya kichwa fulani, ni ya kichwa hicho mpaka mwisho. Hata hizi, ukiziba spika vizuri, zinapendeza kuliko dekoda ya pauni 120 iliyofungwa ovyo. Dekoda zisizo na jina zinazouzwa mtandaoni sizigusi.

Kabla ya kuchomeka

Angalia soketi kwanza. Modeli mpya nyingi za OO (OO, TT na N ni vipimo vya ukubwa wa modeli, N ikiwa ndogo zaidi) zina soketi ya 21MTC, ambayo pini moja imeachwa makusudi ili usichomeke kinyume. Za zamani nyingi zina pini 8, na ile unaweza kuigeuza. Taa hazitawaka, basi igeuze tena. Za N na TT mpya ziko kwenye soketi ya Next18.

Kama kichwa ni cha zamani kisicho na soketi, hakikisha kwa mita ya kupimia umeme kwamba mota haigusi chesisi wala reli. Nyaya nyekundu na nyeusi ni za reli, za rangi ya chungwa na kijivu ni za mota. Mota ikiendelea kugusa reli hata upande mmoja, dekoda inakufa sekunde unayowasha umeme. Jaribu kwanza kwenye reli ya kuprogramu, ambako umeme umepunguzwa. Ukisoma CV 1 na ikakujibu 3, yaani namba ya kiwandani, unaweza kuendelea. Ukipata CV isiyosomeka, zima uangalie nyaya. Usijaribu "kidogo tu" kwenye reli kuu.

Kuhusu sauti kukatika kwenye pointi: safisha magurudumu na reli, na ongeza kapasita ya akiba, inayohifadhi umeme kidogo, kama nafasi ipo.

Bei, na mambo yanayoniudhi

Tangu 1 Januari 2021, Uingereza ilipokwisha kutoka kwenye soko la Umoja wa Ulaya, kununua moja kwa moja kutoka Ujerumani au Austria kumekuwa kero. Kifurushi cha zaidi ya pauni 135 kinadaiwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 20 kikiingia, halafu msafirishaji anaongeza ada yake ya kukushughulikia. Kwa kifurushi cha chini ya hapo, muuzaji wa huko ndiye anayetakiwa kutoza VAT ya Uingereza na kuiwasilisha, na maduka madogo yameona hayo ni mahangaiko, yakaacha kutuma. Mawili niliyoyazoea yamenijibu kwa adabu kwamba hayatumi tena huku. Kwa hiyo tumebaki na maduka ya hapa, nayo yanajua kwamba tumebaki nayo.

Lakini bei ningeivumilia. Nisichokivumilia ni yale maneno "sauti imefungwa" kwenye tangazo, na pauni 100 na kitu zinazoongezwa kwa ajili ya maneno hayo, bila hata mstari mmoja unaosema spika ni ipi, iko wapi, na imezibwa au haijazibwa. Tangazo linataja chapa ya dekoda kwa herufi kubwa. Spika haitajwi. Ni sawa na kuuziwa ngoma ukaelezwa jina la mpigaji, lakini ngozi hukuonyeshwa.

Nilikirudisha kile kichwa changu dukani nikiwa na spika mkononi. Nikamwonyesha muuzaji mgongo ulio wazi. Akaniambia, "Mama, wateja wengine hawajalalamika." Hakunirudishia hata senti. Nikarudi nyumbani, nikakata boksi la milimita 9 la plastiki, nikaliziba kona zote, nikaliingiza kwenye tangi la mafuta, nikairudisha ile dekoda ya kwanza niliyoitilia shaka. Sasa kikianza kunguruma, kikombe changu cha chai kwenye ubao wa reli kinatengeneza viduara juu ya chai.

Siku hizi nikiona kichwa chenye sauti dukani, naomba vitu viwili: kiwashwe bila honi, na nifunguliwe bodi mbele yangu nione spika. Ni skrubu nne, dakika mbili. Anayekataa kuzifungua, namshukuru na kuondoka.