Kusoma Iringa: hela inakaa, kusoma kunasomeka, ila geto la kupanga kalione kwa macho yako kwanza

Kila majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka swali linakuwa lile lile, jamani Iringa kukoje, na majibu yanakuwaga mafupi tu, kuna baridi, kumepoa, hamna raha, basi mtu anaanza kuhangaika kubadilisha chuo kabla hata hajafika. Mimi nimesoma huko mpaka nikamaliza digrii na naupa ule mji nyota nne kati ya tano kwa mwanafunzi. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya makazi, ntaeleza vizuri huko chini maana hapo ndo watu wengi wanapoumia.

Kwanza mjue Iringa sio mji wa chuo kimoja. Kuna Mkwawa, yani MUCE, chuo kishiriki cha UDSM tangu 2005, kipo kwenye majengo ya iliyokuwa shule ya Mkwawa, kuna Chuo Kikuu cha Iringa ambacho watu wengi mtaani bado wanakiita Tumaini, kuna RUCU cha Kanisa Katoliki, alafu hapo hujagusa vyuo vya kati kama Kleruu cha ualimu. Mji wenyewe mdogo, kwa hiyo kila ukipita unakutana na mwanafunzi. Sitaji mimi nilikuwa kipi maana haya ninayoyasema wenzangu wa vyuo vingine walikuwa wanayasema hivo hivo, tulikuwa tunakaa nyumba moja watu wa vyuo tofauti na malalamiko yetu yanafanana.

Kinachonifanya niusifie huu mji ni hela kukaa mfukoni. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 Bodi ya Mikopo inatoa elfu 10 kwa siku ya chakula na malazi, kabla ya hapo ilikuwa 8,500, na kila mtu anajua Dar hiyo hela ukitoa kodi na nauli za daladala mbili kwenda mbili kurudi unabaki unahesabu chenji. Iringa ukipanga karibu na chuo nauli unaisahau kabisa, unatembea kwa miguu. Chakula nacho kinatoka pale pale, nyanya na vitunguu vinatoka Ilula hapo jirani, viazi, maharage, mahindi, maziwa ya Asas yanatengenezwa hapo hapo mjini, mvua zikianza unakuta akina mama wanauza uyoga barabarani mtamu kweli kweli. Mimi na rumeti wangu tulinunua mtungi wa gesi wa kilo 6 tukawa tunapika kwa zamu, jioni ugali maharage na mboga za majani, na boom, yani hela ya mkopo, likichelewa hatukuwahi kulala njaa. Nawaambia hivi hasa wale ambao mkopo hamjapata au mmepata asilimia ndogo na mzazi ndo anajikamua, ukiwa na nidhamu ya kupika Iringa utamaliza chuo bila kumtesa mzazi sana.

Ukiwa huna muda wa kupika mama ntilie wapo kila geti la chuo. Wali maharage nilikuwa nakula kwa 1,500, ukitaka nyama unaongeza kidogo, na sahani inajaa kweli sio ya kupimiwa kijiko. Kantini ya chuoni kwetu ilikuwa safi lakini ukifika saa nane mchana unakuta wali umeisha imebaki chipsi, na foleni ya saa saba inakula nusu ya muda wako wa mapumziko, kwa hiyo wengi tulikuwa tunavuka barabara. Akina mama wa pale wana utu. Wakikuzoea wanakukopesha mpaka boom litoke wanaandika kwenye daftari, na naomba sana mkikopeshwa mlipe, kuna watu wanamaliza chuo wanaondoka na madeni ya mama wa watu na anayekuja kunyimwa ni mdogo wako wa mwaka unaofuata.

Sasa makazi. Hosteli za chuoni ni nzuri kwa usalama na kwa kuwa karibu na pindi za asubuhi, vitanda vya dabodeka, watu wanne mpaka sita chumba kimoja, maji yapo, umeme upo, lakini nafasi hazitoshi na mwaka wa kwanza ndo wanapewa kipaumbele, alafu wenye ulemavu, alafu mabinti, ukifika mwaka wa pili unaambiwa katafute mtaani. Kwa hiyo hata ukipata hosteli sasa hivi jua kwamba geto linakusubiri. Wanafunzi wengi wanapanga Kihesa, Semtema, Mkimbizi na huko Mkwawa, inategemea chuo chako kiko upande gani.

Shida inaanzia kwa dalali. Unafika mji mgeni, una begi, una hela ya kodi yote mkononi, na dalali anajua hilo. Anataka hela ya kukuonyesha vyumba, alafu ukichukua chumba anataka kodi ya mwezi mzima iwe yake. Mwenye nyumba naye anataka miezi sita kwa mkupuo. Chumba cha kawaida wakati wetu ilikuwa elfu 30 mpaka 50 kwa mwezi, chenye choo ndani inapanda, sio kodi kubwa ukilinganisha na miji mingine, lakini miezi sita kwa mkupuo pamoja na ya dalali ni hela nzito kwa mtoto ambaye boom lake halijasainiwa hata. Na ukishalipa umefungwa, hata ukigundua siku ya pili kwamba choo ni kimoja watu kumi na wawili huna pa kwenda.

Nyumba ya kwanza niliyopanga mita ya LUKU ilikuwa moja nyumba nzima, tunachanga sawa kwa sawa, sisi wanafunzi tuna taa moja na chaji ya simu, mwenye nyumba ana friji, pasi, na kibanda cha kuuza barafu nje. Tulipouliza akasema anayeona hawezi ahame, na anajua fika tumelipa miezi sita. Chumba chenyewe nilikiona kiangazi kikavu kimepakwa rangi mpya, mvua zilivyoanza ukuta wa nyuma ukaanza kuota ukungu, nguo zikawa zinanuka, mwenzangu mwenye pumu akawa anakohoa usiku kucha mpaka akahamia kwa dada yake. Yule mwenzangu alikosa test mbili kwa sababu ya kuumwa, na kozi moja ilimrudisha sapu, yani kurudia mtihani. Kwa hiyo naposema geto ni sehemu ya masomo naomba mnielewe hivyo, mtu anaweza kushuka matokeo kwa sababu ya ukuta.

Ninachowashauri, usitume hela kwa simu kwa dalali yeyote kabla hujakiona chumba hata akutumie picha nzuri vipi. Nenda na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, gonga mlango wa wapangaji wenzako uwaulize wao, sio mwenye nyumba, maji yanatoka siku ngapi na umeme mnalipaje. Angalia ukuta wa chini nyuma ya mlango na nyuma ya kitanda, kama rangi ni mpya sehemu hiyo tu, uliza kwa nini. Omba mkataba wa kuandikwa hata kwenye karatasi ya daftari wote mkasaini. Na jaribu kuomba miezi mitatu, wengine wanakubali, hasa mwezi wa kumi na moja wakati vyumba vizuri vimeshachukuliwa na wao wanataka mtu.

Na hapa nasema na vyuo vyenyewe. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi na serikali ya wanafunzi wanaweza kabisa kutembelea nyumba za mtaani, kuandika zile zenye choo cha kueleweka, mita ya kila chumba na uzio, na kubandika orodha ubaoni kabla wanafunzi hawajafika. Haihitaji bajeti ya kujenga jengo. Mwenye nyumba mzuri atajaza vyumba vyake bila dalali na yule mbaya atajirekebisha au atakosa wapangaji. Tulilisema kwenye vikao vya serikali ya wanafunzi, likaandikwa kwenye muhtasari, likabaki humo. Walioko madarakani sasa hivi naomba mlifufue.

Tukija kwenye kusoma kwenyewe, hapa ndo udogo wa chuo unasaidia. Lekchara anakujua kwa jina, ukikwama unamfuata ofisini anakuelekeza na jumamosi unakutana nae sokoni ananunua mchicha anakuuliza ile proposo umefikia wapi. Rafiki zangu waliosoma vyuo vikubwa walikuwa wanasikiliza lekcha wamesimama dirishani, na kuna mmoja mpaka anamaliza msimamizi wake wa tafiti amemuona mara za kuhesabu. Sisi kukwepa tu ndo ilikuwa ngumu, usipoonekana wiki mbili mtu anakuulizia. Kwa mtoto anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza kile kitu ni ulinzi mkubwa.

Maktaba ya chuo chetu ilikuwa na utulivu na wahudumu wazuri sana, kuna mama mmoja pale ukimtajia mada anakuletea kitabu mkononi. Vitabu vingi ni vya zamani, hilo ni kweli, na waifai ikifika saa nne asubuhi watu wamejaa haifunguki kitu, kwa hiyo tulikuwa tunanunua bando la usiku tunashusha madesa (notisi) yote na kugawana kwenye grupu. Kinachoniuma ni muda wa kufunga. Kipindi cha UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ndo watu wanahitaji pa kukaa, kwenye geto kuna kelele za muziki, umeme ukikata huna la kufanya, na maktaba inafungwa mapema, mnaona watu wanasomea kwenye madarasa yaliyosahaulika kufungwa au chini ya taa ya kibaraza. Na mabinti wakichelewa kutoka inabidi wapite njia za ndani zenye giza kurudi mtaani, sisi tulijipanga kuwa tunatoka kwa makundi na kumfikisha kila mtu mlangoni kwake, fanyeni hivyo hivyo, msimuache binti aondoke peke yake saa nne usiku kwa sababu tu geto lake liko upande mwingine. Mchana kama chuoni kumejaa kuna maktaba ya mkoa mjini, wanafunzi wengi hawaijui, kuna ukimya.

Baridi ni la kweli. Mji uko juu zaidi ya mita 1,500 na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane usiku unabana hasa, shuka peke yake halitoshi. Blanketi zito na sweta vinapatikana mitumbani kwa bei nzuri, usijisumbue kubeba kutoka nyumbani.

Afya, hakikisha bima ya NHIF ya mwanafunzi imelipwa, wakati wetu ilikuwa 50,400 kwa mwaka, na kadi umeishika mkononi, kuna watu wanalipa alafu hawafatilii kadi mpaka waugue. Na niseme hili bila kuzunguka, mkoa wa Iringa uko juu sana kwa maambukizi ya VVU, utafiti wa taifa wa 2022/2023 ulionyesha asilimia 11 hivi ya watu wazima, Njombe tu ndo inaizidi. Uhuru wa geto ni mtamu, mna miaka ishirini, nawapenda ndo maana nasema, pimeni na mjikinge.

Hiyo ya hamna raha sikubaliani nayo. Ni kweli hamna fukwe wala kumbi kubwa, lakini ukipanda jiwe la Gangilonga jioni unauona mji wote na hulipi nauli, uwanja wa Samora una mpira, makumbusho ya Boma mjini yanaeleza habari za Wahehe na chifu wao Mkwawa vizuri kuliko tulivyofundishwa shuleni, na Isimila kwenye zile nguzo za mchanga na zana za mawe ni kama kilomita 20 tu kwenye barabara ya Mbeya, changeni mkodi Noah muende siku nzima. Watu wa pale wakarimu, ukimsalimia mzee kamwene, salamu ya Kihehe, anasimama kabisa kukuitikia na kukuuliza umetokea wapi.

La mwisho kwa wanaotoka Dar, kateni tiketi ya basi la asubuhi. Njia ni ndefu, kuna Mikumi ambapo mwendo unapunguzwa kwa ajili ya wanyama na kuna kupanda mlima Kitonga ambapo lori moja likiharibika wote mnasubiri. Stendi kuu iko Igumbilo, nje ya mji, sio katikati kama wengi wanavyodhani, na ukishuka usiku na begi na godoro bodaboda atakutajia bei anayotaka. Mchana zipo daladala za kukupandisha mpaka mjini, na kama hujapata pa kulala ongea mapema na mtu wa serikali ya wanafunzi wa chuo chako, huwa wanapokea wageni wiki ya kwanza na wengine wanawalaza kwenye mageto yao mpaka wapate chumba.