Tuisheni ya Kiswahili advansi wanayofundisha riwaya kwa muvi: inalipa, ila uliza kwanza anaingia ticha gani

Mdogo wangu yuko kidato cha sita, HKL, na kinachomtesa sio History wala English, ni Kiswahili pepa la pili, lile la fasihi. Unaweza kucheka, mtoto anaongea Kiswahili tangu kazaliwa alafu fasihi inamshinda, lakini kaa na maswali yao uone, unaambiwa jadili dhamira fulani kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, na dogo riwaya hajasoma, kasoma desa. Kurasa chache za uchambuzi, wahusika, dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kwisha habari. Kwahiyo likizo hii nikamlipia tuisheni moja maeneo ya Mwenge, jina silitaji maana nina malalamiko humu ndani na sitaki ugomvi na mtu.

Tangazo lao linasema utajifunza fasihi kwa filamu. Ukweli ni kwamba filamu ni moja na kitabu ni kimoja, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, na muvi lenyewe ni lile la Amil Shivji la 2021, lililoonyeshwa Toronto na mwaka uliofuata likapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar. Riwaya zingine, Kufikirika na Mfadhili, wanazifundisha kawaida tu, ubao na chaki. Sio mbaya, ila wangeandika hivyo hivyo kwenye tangazo, maana kuna mzazi nilimkuta pale kwenye benchi anaamini kila kitabu kina muvi yake.

Ada ni elfu arobaini kwa mwezi, fotokopi unalipia mwenyewe. Dada wa mapokezi ana lugha nzuri, risiti anakupa bila kuombwa.

Sasa chumba. Aisee. Projekta ipo, tena sio mbovu, lakini madirisha ni vioo vitupu, pazia hakuna, wamebandika maboksi ya biskuti na mwanga unapita kotekote. Hiyo filamu ina mambo mengi ya usiku na vichochoro vya giza, ndo uzuri wake ulipo, alafu wewe unaionyesha saa nne asubuhi jua la Dar likiwa limewaka, watoto wanaona paji la uso na sauti basi. Waliokaa nyuma walikua wanawauliza wa mbele nani kaongea hapo. Nilivyouliza hiyo nakala ya muvi wameitoa wapi nikajibiwa kwa kicheko, kwahiyo na hilo nimelielewa.

Lakini nikwambie kitu kilichonifanya nisidai hela yangu. Yule ticha wa kwanza, mama mmoja wa makamo anaongea taratibu, siku niliyoomba kukaa nyuma kusikiliza aliliacha muvi mpaka pale Yasmin, yule binti mhusika mkuu, yuko njiani usiku anapelekwa kuozwa na ndo anakutana na Denge, kijana anayepinga wakoloni, madam akalisimamisha. Akasema haya fungueni vitabu, nitafutieni hii iko ukurasa gani. Darasa zima likaanza kufunua karatasi, wenye fotokopi wanagombania, wenye desa wametulia kimya hawana pa kutafuta, na dogo wangu alikua kwenye kundi hilo la kutulia. Zikapita dakika kadhaa, binti mmoja akasema madam haipo. Akamwambia eleza sasa kilichopo. Binti akaanza kutiririka, kwamba kwenye kitabu Yasmin ameshaolewa na Bwana Raza anayemzidi umri mbali, amepelekwa Mombasa, ametoroka mwenyewe akarudi Unguja, ndugu zake wakamkataa, akaishia mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, na Denge anakuja kumjua akiwa huko.

Basi madam akauliza, kwanini aliyetengeneza filamu kakata yote hayo? Kijana mmoja akasema muda, muvi ni kama saa moja na nusu kitabu ni kinene. Sawa, na ukishakata ni dhamira ipi inapungua nguvu? Hapo ndo pakawaka moto. Yule binti akasema kwenye kitabu Yasmin kaamua kutoroka kabla hajamjua Denge wala siasa yake, ila ukiangalia filamu peke yake unaweza kudhani mwanaume ndo kamfungua macho. Mwingine akabisha akasema hapana, filamu imeamua kuziweka ndoa ya lazima na ukoloni zikae pamoja tangu mwanzo ili uone ni kamba ile ile, na huyo wala hakua anaongea vibaya. Mimi nilimaliza shule zamani nikiwa nakariri hoja tatu tatu kwa kila kitabu, sikuwahi kusikia wanafunzi wanabishana namna ile juu ya riwaya. Mwalimu hakusema nani mshindi, akawaambia andikeni, kila mtu aya moja, na mtolee ushahidi kwenye kitabu sio kwenye muvi, maana swali la mtihani wa taifa, wa NECTA, linasema riwaya ulizosoma.

Pia anawaunganishia na History yao, kwamba hii ni Zanzibar ya miaka ya 1950, uhuru wa Desemba 1963 na Mapinduzi ya Januari 1964 bado havijafika, kwahiyo Denge na wenzie na makaratasi yao ya siri, na Inspekta Wright na Koplo Matata wanaowawinda, wanakaa kwenye ramani inayoeleweka. Dogo mwenyewe kaniambia kilichomsaidia zaidi ni kusikia tu watu wanavyoongea kwenye filamu, maana Kiswahili cha Unguja kilikua kinamkwamisha kwenye kitabu, sisi wa bara tunakisoma kwa lafudhi yetu tunakipotezea ladha. Kile kitabu sasa hivi anakisoma kitandani bila kusukumwa, nilishaacha hata kumuuliza.

Tatizo ni Jumamosi iliyofuata. Madam hakuja, kaingia kijana mwingine, akawasha muvi lile lile toka mwanzo, akakaa pembeni anachati mpaka likaisha, alafu akagawa desa la kurasa sita. La kununua! Ndani ya lile desa kuna sehemu imeandika Yasmin na Denge walikutana usiku wa harusi, yaani jamaa kachambua kitabu kwa kuangalia sinema, na mtoto akienda kuandika hivyo kwenye mtihani anapigwa alama mchana kweupe. Dogo ndo aliyeniletea akaniambia kaka ona hii, na hapo nilifurahi kidogo manake mwezi uliopita asingeliona hilo kosa. Nilimpigia mwenye tuisheni akasema walimu wanapokezana na wote wako vizuri. Wote hawako vizuri bana, tusidanganyane.

Kwahiyo ukitaka kumpeleka wa kwako, usiangalie neno filamu kwenye bango, muvi unaweza kumwonyesha hata sebuleni kwako na pazia ukafunga. Piga simu uliza ratiba ya walimu, na mpe mtoto kitabu kizima, fotokopi za pale nje zinaruka kurasa. Awahi kiti cha mbele pia.

Mimi ada ya mwezi wake wa pili nimeenda kulipa, ila nimetoa nusu, iliyobaki nimemwambia dada wa mapokezi nitamalizia nikishajua Jumamosi anaingia nani.