Maji magumu nyumbani: ununue nini kwanza

Koili ya hita yetu ya kwanza haikumaliza mwaka. Fundi alipoichomoa ilikuwa imevaa ukoko mweupe mnene, kama sufuria ya wali iliyosahaulika motoni. "Dada, usiilaumu koili," akaniambia, "ni maji yenu haya." Tukafunga nyingine, nayo ikafa vilevile. Ndipo nikaanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuuliza kabla ya kununua.

Tunaishi Tororo, mashariki mwa Uganda, juu ya mawe ya chokaa yaleyale yanayochimbwa kutengenezea saruji. Maji ya kisima kirefu yakipita humo chini huyeyusha madini ya kalisi na magnesi, na hayo ndiyo maji magumu. Kuyanywa hakudhuru. Shida huanza yanapopashwa moto: chokaa hugeuka tena kuwa jiwe, nalo hung'ang'ania koili, shawa na bomba.

Kabla ya kutoa shilingi, pima. Jaza nusu chupa ya maji ya kisima, tia vipande vya sabuni ya mche, tikisa. Fanya hivyohivyo kwa maji ya mvua, kisha uzilinganishe. Chupa ya kisima ikikataa povu na kubaki na utando mweupe unaoelea, maji yako ni magumu. Ukipimiwa maabara, kupita miligramu 120 za kalisi kaboneti kwa lita ni magumu, na kupita 180 ni magumu sana.

Nafasi ya kwanza naipa gata na tangi la maji ya mvua, na sitaki ubishi hapa. Mvua haijapita kwenye jiwe lolote, kwa hiyo ni laini tangu mbinguni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita za mraba 60, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 1,200. Toa sehemu ya tano inayopotea, unabaki na lita 960, yaani jerikeni 48 kwa mvua moja tu. Sisi tuna misimu miwili, wa Machi hadi Mei na ule wa mwisho wa mwaka. Pesa ikiwa haba, funga gata upande mmoja wa paa lakini usipunguze ukubwa wa tangi, kwa sababu gata utaongeza baadaye, ila tangi dogo litakuwa tupu kiangazi kikianza. Msingi uwe imara, maana kila lita 1,000 ni tani nzima. Weka njia ya kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, mfuniko ufunge vizuri mbu wasiingie, na ya kunywa uchemshe. Nguo zetu zimerudi kuwa nyeupe, na sabuni tunayotumia imepungua kabisa.

Ya pili ni hita ya tangi inayofunguka. Dukani, mwambie muuzaji akuonyeshe mahali koili inapofungwa. Kama ni kwa bolti na inatoka yote, fundi ataweza kuikwangua kila mwaka. Kama huoni pa kufungulia, iache hapohapo. Uliza pia kama koili ya akiba na fimbo ya magnesi, ile inayolinda tangi lisipate kutu, zinapatikana mjini kwako. Themostati usiipitishe nyuzi 60, kwa sababu joto likizidi hapo chokaa huganda kwa kasi. Lita 50 kutoka nyuzi 22 hadi 60 hula kama uniti 2.2 za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, na koili iliyofunikwa na ukoko hushindwa kutoa joto lake, ikajiunguza.

Ya tatu ni mabomba ya plastiki ya PPR kwa njia ya maji moto, daraja la presha la PN20. Mabomba ya chuma yana ukwaru ndani, yakishapata kutu chokaa hupata pa kushika. PPR huunganishwa kwa joto, basi hakikisha fundi bomba ana mashine yake. Njia ya maji baridi haina shida hiyo.

Asidi ya sitriki au siki, nunua hata usiponunua kingine. Loweka kichwa cha shawa usiku mmoja, kitazibuka. Usichanganye kamwe na dawa ya klorini, hutoa gesi ya sumu.

Mashine ya kulainisha kwa chumvi inafanya kazi kweli: hubadilisha kalisi kwa sodiamu. Lakini itakudai chumvi daima, na kila ikijisafisha humwaga maji ya chumvi. Kwa hoteli au dobi, sawa. Kwa nyumba ya watu watano naona ni mzigo.

Hita ya jua yenye mirija ya vioo ambamo maji yako yenyewe hupita, nayo ipe maji ya mvua tu. Ukiipa maji ya kisima, mirija itajaa ukoko.

Shawa ya umeme ya papo hapo naiweka chini kabisa kwa maji ya kisima. Chumba chake ni kidogo, koili iko karibu na kila kitu, na ukoko kiasi kidogo tu huiziba. Sumaku za kufunga juu ya bomba, zinazodaiwa kuzuia ukoko, nazo usizinunue: majaribio yake yametoa majibu yanayopingana, na pesa hiyo inatosha kuongeza gata upande wa pili wa paa.