Walizifuta sifuri zangu, eti zinaharibu mstari

Siitaji ofisi yenyewe kwa jina kwa sababu faili langu bado wanalo. Iko ghorofani, upande wa Moi Avenue, na kazi yao ni kuwachambulia data wanafunzi wa shahada ya pili kama mimi. Niliwapelekea data ya mchezo wa mfuko wa pamoja niliowachezesha akina mama wauzaji wa Kongowea. Nikalipa nusu mbele kwa M-Pesa.

Mchezo wenyewe ni hivi: watu wanne, kila mmoja ana kete 20, anaamua kwa siri atie ngapi mfukoni. Zilizotiwa zinazidishwa kwa 1.6, kisha wanagawana sawasawa wote, aliyetia na asiyetia. Fitina iko hapo. Kete ukiitia inakurudishia 0.4 tu, ingawa kikundi kizima kinavuna 1.6. Mwenye kujifikiria peke yake hatii kitu. Na msidhani haya ni mambo ya wazungu na maabara zao: Waorma wa Tana River walipochezeshwa mchezo wa namna hii na mwanaanthropolojia Jean Ensminger, wao waliuona ni harambee tu.

Basi ripoti ikaja. Grafu nzuri, rangi nzuri, Kongowea nzima wakarimu. Nikashuku. Nikamtafuta namba 17, mama mmoja ninayemkumbuka vizuri. Raundi ya kwanza alitia zote 20, akaona wenzake wamebana, akatia 12, kisha 5, halafu sifuri mpaka raundi ya kumi. Aliniambia palepale, "Mwanangu, mie silishi watu wazima." Wastani wake ni 3.7. Kwenye ripoti ulikuwa 12.3! Raundi saba za hasira ya mtu zimetoweka, amebaki mfadhili.

Nikavuka feri kutoka Likoni na ripoti mkobani. Nikabisha hodi, nikatoa salamu. Bwana mkubwa hakuitika. Mombasa hii, mtu hujibu salamu! Akanionyesha kiti kwa kidevu, simu sikioni. Alipomaliza nikamuuliza sifuri ziko wapi.

"Dada, zile tulizisafisha. Zilikuwa zinaharibu mstari."

Kusafisha! Kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 2001, wachumi Fischbacher, Gächter na Fehr waliwapima wanafunzi 44 kwa mchezo huuhuu. Nusu yao walikuwa watu wa nipe nikupe, wanatia wakiona wengine wanatia, na karibu asilimia 30 walikuwa wadandiaji, hawatii hata kete moja wenzao watie wasitie. Sasa ukiwafuta hao unasoma nini? Sifuri ndiyo habari yenyewe.

Halafu safu zote kazimimina kwenye regresheni moja ya kawaida, ile hesabu ya kupitisha mstari mmoja kwenye data yote, utadhani kila raundi imechezwa na mtu mgeni asiyemjua jirani yake. Wale wamekaa pamoja raundi kumi wakichunguzana! Mmoja akipunguza, wenzake wanapunguza. Ndiyo maana majaribio mengi ya namna hii huanza na michango karibu na nusu, kisha inaporomoka. Nikamwambia nataka modeli ya ngazi, raundi ndani ya mtu, mtu ndani ya kikundi, tena inayojua kwamba mchango haushuki chini ya 0 wala haupiti 20. Akacheka.

"Wasimamizi wenu hawasomi mpaka huko."

Hapo nilitaka kuandika nyota moja na laana juu yake. Ila kuna binti meza ya dirishani, alikuwa anasikia yote. Alinifuata ngazini, akaomba nimtumie faili upya. Siku chache baadaye akanirudishia kila kitu: sifuri zote, modeli ya ngazi, na kila mama kachorewa mstari wake mdogo peke yake, vikundi vimepangwa pamoja. Unaona kwa macho kikundi kinavyosambaratika akiingia mdandiaji mmoja. Kazi safi, nimeiangalia mpaka usiku.

Kwa hiyo sijui. Ofisi nyota moja, yule binti tano, sijui hesabu hiyo wanaiweka wapi. Au mbili, basi, kwa kumwajiri. Hapana, moja, maana kwenye ripoti mpya wameweka jina la bwana mkubwa.

Mkienda, piteni moja kwa moja mpaka dirishani. Wamenitumia ujumbe tena wakidai nusu iliyobaki. Nitailipa wakinirudishia faili la mwanzo, sifuri zikiwa ndani.